Zana za Kufundishia na Nadharia Zilizofichika Ndani Yake

Katika vyuo vyetu vya theolojia ubao na chaki vimeanza kuziachia nafasi projekta, kompyuta na simu za mkononi. Wako wanaolifurahia jambo hili, na wako wanaolisikitikia. Katika makala haya hatukusudii kuamua kati yao. Tunataka kuonyesha jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, pande zote mbili hulisahau: kila zana ya kufundishia imebeba wazo fulani juu ya namna mwanadamu anavyojifunza, na mwalimu aitumiaye bila kulichunguza wazo hilo huliingiza darasani pasipo kujua.

Sisi wenyewe tulijifunza hili kwa aibu. Muhula mmoja tulitayarisha slaidi za somo la Waraka kwa Wagalatia, nasi tulijivunia kazi ile, kwa kuwa ilitugharimu usiku kadhaa. Katika kuziandika tulikosea. Mahali pa Wagalatia 3:6, panapotaja imani ya Ibrahimu, tuliandika 4:6, panapotaja Roho wa Mwana aliyetumwa mioyoni mwetu. Wanachuo walizipiga picha slaidi zile kwa simu zao, wakatumiana. Siku ya mtihani kosa letu lilirudi kwetu katika zaidi ya nusu ya karatasi. Mengine yote waliyaandika vizuri, tena kwa maneno yetu hasa. Lakini ilikuwa dhahiri kwamba watu hawa, ambao baada ya miaka michache wangesimama mimbarani, hawakuwa wameufungua Waraka wenyewe. Kwanza tuliwalaumu wao, kisha tukazilaumu simu. Ilituchukua muda kukiri kwamba walijifunza sawasawa na tulivyowafundisha: tuliwaonyesha maneno ukutani, nao wakayarudisha.

Mashine ya Skinner na vitabu vya enezi

Mengi tunayoyaona leo katika programu za kompyuta za kufundishia yanatokana na kazi ya B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Mwaka 1953 alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Aliona kwamba watoto waliomaliza upesi walikaa bure, na waliokosea hawakujua kosa lao mpaka mwalimu asahihishe madaftari. Mwaka uliofuata alianza kueleza mashine yake ya kufundishia. Somo linagawanywa katika hatua ndogo sana. Mwanafunzi anasoma sentensi, anajaza neno linalokosekana, kisha anafunuliwa jibu papo hapo. Akipata, kule kufaulu kwenyewe kunamwimarisha, naye anasonga mbele kwa mwendo wake mwenyewe. Msingi wake ni nadharia ya utabia, yaani kwamba kujifunza ni badiliko la mwenendo unaoweza kuonekana na kupimwa.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo yako mbali na Kanisa. Mwaka 1963 seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala ilianza kuwapelekea wanafunzi masomo huko huko waliko, badala ya kuwaondoa mashambani na kwenye jamaa zao. Hapo ndipo ilipoanzia elimu ya theolojia kwa enezi, ambayo baadaye ilifika Afrika. Vitabu vyake vingi viliandikwa kwa kanuni ile ile ya Skinner: sentensi fupi, pengo, jibu.

Hatupendi kuvidharau vitabu hivyo. Mwinjilisti aliye mbali na barabara aliweza kukisoma kitabu chake jioni baada ya kulima, na kila ukurasa ukamwambia kama ameelewa au la. Ni chuo gani cha bweni kingemfikia? Tena kwa majina ya wafalme, mpangilio wa vitabu vya Biblia au vitenzi vya Kiyunani, njia hiyo bado ni nzuri, na programu za simu zinazofanya kazi hiyo leo tunawashauri wanachuo wazitumie bila haya. Lakini waasisi wa mpango wa Guatemala hawakukiachia kitabu kazi yote. Waliweka mkutano wa kila juma, ambapo wanafunzi na mwalimu waliyajadili waliyoyasoma pamoja na kazi yao ya usharikani. Mahali popote mkutano ule ulipolegea, kwa kukosa nauli au kwa mwalimu kulemewa na shughuli, yalibaki mapengo ya kujazwa tu. Hakuna kitabu cha mapengo kitakachomfundisha mtu la kusema mbele ya mama aliyefiwa na mtoto asubuhi hiyo.

Radio chini ya mti

Nadharia nyingine zinaanzia mahali pengine. Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba mtoto hapokei maarifa kama chombo kinavyopokea maji. Huyajenga mwenyewe, akilinganisha jipya na analolijua tayari. Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, aliongeza kwamba ujenzi huo hufanyika kwanza kati ya watu, katika mazungumzo na mtu anayejua zaidi, ndipo unapoingia ndani ya mtu. Paulo Freire wa Brazil, ambaye tangu mwaka 1970 alifanya kazi Geneva katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, alikataa elimu aliyoifananisha na benki: mwalimu anaweka akiba, mwanafunzi anaitunza. Slaidi zetu za Wagalatia zilikuwa benki ya namna hiyo, ila yenye umeme.

Je, basi zana yenyewe ndiyo mbaya? Historia ya Tanzania inatuzuia kusema hivyo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya radio. Kwa majuma kumi na mawili watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini. Radio ni chombo cha kusema tu, haimsikii mtu. Lakini waliopanga kampeni ile hawakuishia kwenye matangazo. Waliwaandaa viongozi wa vikundi maelfu kwa maelfu, wakachapisha vijitabu, wakaweka utaratibu: kikundi kinasikiliza, kinasoma, kinajadili hali ya kijiji chake, kisha kinaamua la kufanya. Vyoo vikachimbwa, vyanzo vya maji vikasafishwa. Laiti radio ile ile ingewekwa tu sebuleni kwa mtu mmoja mmoja, tunaamini sehemu kubwa ya kazi hiyo isingefanyika.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Clark aliandika kwamba vyombo vya kufundishia ni kama lori linaloleta chakula: lori haliongezi lishe. Wengine walimpinga, hasa Robert Kozma, wakisema kila chombo kina uwezo wake usiopatikana katika kingine. Sisi tunaelekea zaidi upande wa Clark, lakini mfano wake hautoshi. Lori bovu huozesha chakula njiani. Na projekta, kwa jinsi inavyowageuza wote kutazama ukuta mmoja kimya, humshawishi mwalimu asiulize swali. Uwezo wa kuuliza anao bado. Kishawishi ndicho kinachotupasa kukitambua.

Walutheri tuna mfano wa kale zaidi. Mwaka 1529 Katekisimu Ndogo ilitoka kwanza kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, teknolojia mpya ya siku zile. Luther hakuona aibu kudai maneno yakaririwe neno kwa neno. Katika hilo Skinner angemkubalia. Lakini kila amri na kila sehemu ya Imani imefuatwa na swali la maana yake, na dibaji inawataka wachungaji wakiisha kufundisha maneno wafundishe pia maana, tena wakaze zaidi zile sehemu ambazo watu wao wanazihitaji sana. Ukuta ulipewa kazi yake, na mchungaji akapewa yake.

Kwa hiyo tumebadili utaratibu wetu. Katika projekta tunaweka andiko peke yake, bila maelezo, na wanachuo wawili wawili huandika maswali yao kabla hatujasema neno. Simu tunazitumia zaidi kuliko zamani. Wakati wa likizo kila mmoja hurekodi mzee wa kwao akieleza laana ni nini na huondolewaje, kisha tunasikiliza maelezo hayo darasani na kuyapima kwa Wagalatia 3:13. Wengine hurekodi mahubiri yao mafupi na kujisikiliza wenyewe, jambo ambalo limewanyamazisha wengi kuliko lawama zetu. Mara kwa mara umeme hukatika katikati ya somo, na hapo ndipo tunapoona kama tulipanga somo au tulipanga slaidi.

Ile slaidi yenye kosa hatukuifuta. Kila mwaka tunaionyesha katika juma la kwanza bila kuwaambia wanachuo, kisha tunahesabu siku mpaka mtu ainue mkono na kusema, "Samahani mwalimu, hapo pana kosa." Mwaka jana ilikuwa juma la tatu.