Nani Amlipa Mtunzi? Mrabaha, Kitabu Teule na Tuzo katika Utunzi wa Kiswahili Tanzania

Mtunzi wa Kiswahili nchini Tanzania huulizwa mara nyingi anaandika nini; ni nadra kuulizwa analipwa na nani. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na dhamira, wahusika na mtindo, kana kwamba kitabu humwangukia msomaji kama mvua. Makala haya yanafafanua kwamba njia inayoifikisha kazi kwa msomaji, na inayomrudishia mtunzi fedha, ni sehemu ya utunzi wenyewe: huathiri urefu wa sura, aina ya mhusika mkuu, hata Kiswahili kinachotumika. Jambo hili huonekana vizuri zaidi likitazamwa kutoka mbali na Dar es Salaam, katika kata ya vijijini kama Mabwerebwere, wilayani Kilosa, ambako riwaya ina njia chache za kumfikia kijana, na shule na simu ya mkononi ndizo zilizo karibu naye.

Waandishi waliojichapishia ni mfano wa kwanza. Elvis Musiba alichapishiwa *Kufa na Kupona* na East African Literature Bureau mwaka 1974, lakini baadaye alitoa riwaya zake, ikiwamo *Njama*, chini ya Continental Publishers, kampuni yake mwenyewe. Ben Mtobwa naye aliendesha Heko Publishers. Kila mmoja alikuwa na mpelelezi wake anayerudi kitabu baada ya kitabu: Willy Gamba kwa Musiba, Joram Kiango kwa Mtobwa. Wahakiki wengi huwaona wahusika hawa kama mwigo wa riwaya za kijasusi za Magharibi. Mwigo upo, ila hautoshi kuwa maelezo. Mchapishaji asiye na fedha za matangazo anahitaji jina ambalo msomaji atalitambua juu ya meza ya muuza magazeti, na mhusika anayerudi hufanya kazi hiyo bila malipo. Kwa sababu hiyo haimfai mhusika wa namna hii afe, wala abadilike mno, mwishoni mwa kisa.

Hadithi za mfululizo zina mantiki nyingine. Eric Shigongo, mwanzilishi wa Global Publishers, alizichapisha hadithi zake kwa sehemu katika magazeti ya kampuni hiyo kabla ya kuzitoa kama vitabu. Anayeuza hadithi kwa sehemu hulazimika kumkumbusha msomaji yaliyopita, kisha kumwacha penye taharuki. Zikiunganishwa kuwa kitabu, sentensi za kukumbusha hugeuka marudio, na mhakiki asiyejua zilikotoka huziita udhaifu wa msuko. Sasa mtindo huo umehamia kwenye simu: msomaji hulipia sehemu inayofuata kwa pesa ya mtandao na kutumiwa moja kwa moja. Mtunzi hahitaji mchapishaji wala duka la vitabu. Hana pia mhariri, na pengo hilo huonekana haraka.

Njia yenye uzito kuliko zote, hata hivyo, ni kitabu teule. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne amesoma orodha ileile: *Takadini*, *Joka la Mdimu* na *Watoto wa Mama N'tilie* katika riwaya, *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, *Kilio Chetu* na *Orodha* katika tamthiliya. Orodha hii inastahili kutazamwa kwa jicho la kibiashara. *Takadini* ya Ben Hanson na *Orodha* ya Steve Reynolds ni tafsiri kutoka Kiingereza. *Kilio Chetu* imetolewa kwa jina la taasisi, Medical Aid Foundation. Kati ya tamthiliya hizo tatu, ni *Ngoswe* peke yake ya Edwin Semzaba inayobeba jina la mtunzi wa Kitanzania. Soko la uhakika kuliko yote nchini, basi, limewanufaisha watunzi wachache sana wa Kiswahili, na aliye nje ya orodha hana namna ya kuingia kwa juhudi zake mwenyewe. Hussein Tuwa, aliyejulikana kwanza kwa riwaya pendwa, aliingia kidato cha tano na cha sita kwa *Mfadhili*. Lakini yeye ni mfano adimu.

Hata walio ndani hawavuni chote. Kando ya kila kitabu teule kuna kijitabu cha uchambuzi, na kando ya kijitabu kuna nakala iliyorudufiwa steshenari au kutumwa kwa simu. Mwanafunzi wa Mabwerebwere anaweza kuufaulu mtihani wa *Joka la Mdimu* bila kuishika riwaya yenyewe mkononi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, uchambuzi si nakala ya kitabu. Ni matini nyingine, na mrabaha wake hauendi kwa aliyetunga riwaya.

Hesabu ya mrabaha wenyewe ni fupi. Chukulia kitabu kinauzwa shilingi 8,000 na mkataba unataja asilimia 10. Ikiwa asilimia hiyo ni ya bei ya dukani, mtunzi hupata shilingi 800 kwa nakala. Ikiwa ni ya fedha anayobaki nayo mchapishaji baada ya kumpunguzia muuzaji asilimia 40, hupata shilingi 480. Tofauti hiyo hukaa katika maneno mawili au matatu ya mkataba, na watunzi wengi wapya hutia saini bila kuyauliza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10. Ili kuzifikia kwa mrabaha wa shilingi 800, mtunzi angepaswa kuuza nakala 12,500. Kwa ule wa 480, zaidi ya nakala 20,000. Si ajabu kwamba miswada mingi sasa huandikwa ikimlenga jaji kabla ya msomaji. Kwa kuwa kazi zinazoshinda huchapishwa na kupelekwa shuleni, jaji huyo husoma pia kwa niaba ya mwalimu.

Hapo ndipo lugha inapoguswa. Wilayani Kilosa husikika Kikaguru, Kisagara na Kividunda, na mashamba ya mkonge ya Kimamba yalivuta vibarua kutoka sehemu nyingi, kila mmoja na Kiswahili chake. Mtunzi wa huko anayetaka kibarua azungumze riwayani kama azungumzavyo shambani huvutwa pande mbili. Msomaji wa simu atamfurahia kibarua huyo. Shule, na tuzo inayoitazama shule, hutaka Kiswahili sanifu. Muswada mmoja ni vigumu kupita njia zote mbili bila kuandikwa upya, karibu kila ukurasa wenye mazungumzo, na kazi hiyo ya miezi haina mstari wake katika mkataba.