Juisi ya Mpungate Haitibu Kisukari

"Ninywe glasi ngapi za juisi ya mpungate ndipo niache vidonge vya sukari?" Hata ukinywa pipa zima, vidonge huachi.

Najua habari hii imeanzia wapi. Meksiko, mpungate ni mboga ya kila siku. Milpa Alta, pembezoni mwa Jiji la Meksiko, watu wanaulima kama sisi tunavyolima sukuma wiki. Watafiti wa huko waliwalisha wagonjwa wachache wa kisukari cha aina ya pili mabapa ya mpungate pamoja na kifungua kinywa, wakaona sukari ya damu haikupanda sana kama kawaida kwa saa chache baada ya mlo. Basi, ni hayo tu. Kupungua kwa saa chache si kupona.

Kinachofanya kazi ni nyuzinyuzi na ule utelezi wake, vinavyochelewesha wanga kuingia kwenye damu. Sasa wewe unasaga, unachuja, unamwaga makapi, kisha unatia juisi ya chungwa ili kinywaji kipite kooni. Chenye faida umekitupa, sukari umeinywa! Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa ajili ya mchezo huu, anaweza kufa ndani ya siku chache. Na anayemeza dawa huku akila mpungate mwingi apime sukari yake na amwambie daktari, maana inaweza kushuka mno. Muuza unga wa mpungate wa kopo hakukueleza hayo, sivyo?

Eti mpungate una kalsiamu kuliko maziwa? Kwenye jedwali la virutubisho, kweli: miligramu 160 hivi kwa gramu 100. Lakini nyingi imeshikwa na okzaleti, mwili hauipati. Mwenye mawe ya figo ajihadhari.

Kama chakula, sina ugomvi nao. Gramu 100 zina kalori 16 hivi. Chuma bapa changa, la ukubwa wa kiganja. Lililochumwa alasiri halina uchachu kama la alfajiri, kwa kuwa mmea hukusanya asidi usiku. Shika kwa koleo, kwangua miiba yote, hata ile midogo kama vinyweleo, osha, chanja, paka mafuta na chumvi, choma kwenye mkaa dakika chache kila upande mpaka utelezi ukauke. Kamulia ndimu, ule na nyama choma, mayai au maharage. Ukikata ukaona utomvu mweupe kama maziwa, huo si mpungate: tupa, nawa mikono, usiguse macho.