Je, Wajua? Daktari wa Chupa za Mkojo

Je, wajua kuwa lithiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye betri ya simu yako, ni dawa ya ugonjwa wa akili? Aliyeifikisha kwenye tiba ya kisasa ni John Cade, daktari wa Australia aliyezaliwa 1912 katika mji mdogo wa Murtoa, jimbo la Victoria.

Je, wajua kuwa kabla ya utafiti wake Cade alikuwa mateka wa Wajapani? Alishikiliwa katika kambi ya Changi, Singapore, miaka mitatu na nusu, akihudumia mateka wenzake waliorukwa na akili. Alitoka 1945 akiwa amekonda vibaya, lakini akiamini kwamba chanzo cha baadhi ya magonjwa ya akili kimo mwilini, wala si katika malezi au huzuni za mtu.

Je, wajua maabara yake ilikuwa wapi? Katika stoo ya jikoni iliyokuwa haitumiki, kwenye hospitali ya Bundoora, Melbourne. Chupa za mkojo wa wagonjwa alizihifadhi kwenye friji ya nyumbani kwake. Mke wake, Jean, anastahili sanamu.

Mkojo wa nini? Cade alihisi kwamba mtu anayepandwa na msisimko wa kichaa ana sumu fulani mwilini, na sumu hiyo lazima itoke kwa njia ya haja ndogo. Basi akawadunga simbilisi tumboni mkojo huo. Walikufa, tena upesi kuliko waliodungwa mkojo wa watu wazima wa afya. Akashuku asidi ya uriki, ila haiyeyuki vizuri kwenye maji. Akatafuta chumvi yake inayoyeyuka, akapata ile yenye lithiamu. Hapo mambo yakageuka: sumu ikapungua makali! Akajaribu lithiamu peke yake, na baada ya kama saa mbili wanyama wale, ambao kwa kawaida hushtuka hata mlango ukifunguliwa, wakalala chali wakimtazama tu, macho wazi.

Je, wajua kuwa huenda simbilisi hao hawakutulia, bali walikuwa wamelewa sumu ya lithiamu? Ndivyo wanavyoona watafiti wengi waliokuja baadaye. Ile dhana ya sumu ndani ya mkojo nayo haikusimama. Dawa ya kweli ilipatikana kwa hoja mbovu, na sidhani kama kuna aibu ndani yake. Wapo wengi wenye hoja nzuri waliotoka mikono mitupu.

Je, wajua kuwa Cade aliimeza kwanza yeye mwenyewe? Alipoona bado yuko hai, tarehe 29 Machi 1948 akampa mgonjwa anayetajwa kwa herufi W.B., mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa kwenye msisimko usiokoma kwa miaka mitano: mchafu, mharibifu, hakai chini. Siku ya tano alionekana nadhifu zaidi na mtulivu. Tarehe 9 Julai aliruhusiwa kwenda nyumbani, akarudi kwenye kazi yake ya zamani. Kisha akaacha kumeza dawa, ugonjwa ukamrudia, akarudishwa wodini na kuanzishiwa tena dawa. Mwaka 1950 alifariki, na kilichomuua ni lithiamu yenyewe. Simulizi nyingi za ushujaa wa Cade huishia pale Julai, na huo ni udanganyifu.

Je, wajua kuwa ripoti yake ilitoka wakati mbaya kupita kiasi? Ilichapishwa Septemba 1949 katika jarida la madaktari wa Australia, ikieleza wagonjwa kumi wa msisimko. Mwaka huo huo Marekani watu walikuwa wakifa kwa lithiamu. Wagonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi ya mezani walikuwa wameuziwa lithiamu waitie kwenye chakula badala yake. Figo zikikosa chumvi ya kawaida, hung'ang'ania lithiamu, nayo hujaa mwilini hadi kuua. Ikapigwa marufuku. Cade mwenyewe, baada ya kifo cha W.B., akaacha kuitumia.

Walioiokoa lithiamu ni wengine. Edward Trautner wa Melbourne alionyesha jinsi ya kupima kiwango chake kwenye damu ili dozi isivuke mpaka. Mogens Schou wa Denmark, ambaye ndugu yake aliugua sonona ya kujirudia, akaifanyia majaribio ya kulinganisha na kidonge kisicho na dawa, na kuyachapisha 1954.

Je, wajua kuwa kuanzia 1929 soda ya 7-Up iliuzwa ikiwa na lithiamu ndani yake?

Je, wajua kuwa Marekani iliidhinisha dawa hii 1970 tu, miaka 21 baada ya ripoti ile? Chumvi ya asili haina hataza, na kampuni za dawa hazikuona faida ya kuipigania. Cade aliongoza hospitali ya Royal Park, Melbourne, kuanzia 1952 hadi 1977, akafariki 1980. Leo anayetumia lithiamu bado hupimwa damu mara kwa mara, na huonywa asibadilishe ghafla kiasi cha chumvi anachokula.