Feni Kuzunguka Si Feni Kupoza

Kompyuta ikianza kujizima katikati ya kazi, Nachingwea utaambiwa sababu kabla hata kava halijafunguliwa: virusi. Mwenye steshenari anaambiwa virusi, mwalimu anayechapa mitihani nyumbani anaambiwa virusi, na kijana mwenye flashi mfukoni anapiga Windows upya, analipwa, anaondoka. Mashine inawaka, inakwenda robo saa, inazima tena. Hapo sasa yanaingia maneno mengine: jirani ana kijicho, biashara imefungwa na mtu. Tusipotezeane muda. Hakuna mchawi anayehangaika na prosesa yako. Kirusi nacho kinaweza kuitumikisha prosesa mpaka ikapata moto, ni kweli, lakini mashine inayozima, ukaipumzisha nusu saa ikawaka vizuri, kisha ikazima tena ulipofungua video, mara nyingi inalalamikia joto. Na joto la kompyuta huulizwa kwanza kwa feni.

Prosesa za leo hujilinda. Nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda hukata umeme. Zamani si zote zilikuwa hivyo. Mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware walizing'oa hitisinki, vyuma vyenye mapezi vinavyonyonya joto, kwenye prosesa zilizokuwa zinafanya kazi wakarekodi video: Athlon ya AMD iliungua ikatoa moshi, Pentium 4 ikapunguza mwendo tu na kuendelea. Kwa hiyo kompyuta kuwa nzito ghafla, hasa mchana wa Oktoba, inaweza kuwa ni ulinzi unaofanya kazi. Watu wangapi wa Ruangwa wameuziwa RAM ya kuongeza kasi wakati mapezi ya hitisinki yameziba vumbi tii?

Nimeigawa kazi hii katika hatua tatu: kusikiliza, kufungua, na kusoma mashine inavyojieleza.

Tuanze na sikio. Feni nyingi za bei nafuu huzungukia kwenye bushi yenye mafuta kidogo. Za bei ya juu zina beringi za gololi. Bushi ikianza kukauka, feni hukwaruza asubuhi unapowasha, halafu hunyamaza ikishapata joto. Wengi wakisikia imenyamaza husema imepona. Haijapona, mafuta yaliyobaki yamelainika tu, na kesho asubuhi itakwaruza zaidi. Beringi ikichoka hutoa mlio mwembamba usiokatika. Mlio wa kugonga tak-tak unaweza kuwa waya unaoguswa na mapanga, au unaweza kuwa diski. Ukiusikia huo, nakili faili zako kwanza, mambo ya feni baadaye. Feni inayovuma kwa nguvu muda wote kwa kawaida ni nzima: inahangaika kwa sababu hewa haipiti. Mimi huogopa zaidi ile iliyokuwa ikipiga kelele wiki nzima, leo kimya, na mwenyewe amefurahi.

Hatua ya pili, fungua. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, gusa chuma cha kesi. Sasa sukuma mapanga kwa kidole. Feni nzima huzunguka kwa wepesi na kusimama polepole. Iliyochoka husimama papo hapo, kana kwamba imeshikwa. Kisha shika kitovu chake kwa vidole viwili ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, bushi imeliwa. Baada ya hapo mulika tochi kati ya feni na hitisinki. Utakuta blanketi la vumbi upande usiouona ukiwa nje, na feni juu yake ilikuwa ikizunguka vizuri kabisa, ikipuliza hewa isiyofika popote.

Tazama rangi ya vumbi hilo. Jekundu ni la barabara. Lenye umanjano ni salfa, na hapa mpango wangu wa hatua tatu unabidi usubiri.

Kuanzia Juni, mikorosho inapochipua majani mapya na maua, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hupuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Hupuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Unga huo ni mwepesi mno. Unarudi nyumbani kwenye nguo, kwenye mashine ya kupulizia, na kwenye mifuko inayolazwa chumba kilekile chenye meza ya kompyuta kwa kuwa ndicho chenye kufuli. Halafu utasikia watu wanasema salfa ni dawa ya ukungu, kompyuta haioti ukungu, basi haina neno. Neno lipo. Salfa hugeuka mvuke kidogo kidogo bila kuchomwa moto, na inaishambulia shaba na fedha. Weka pete ya fedha karibu na mfuko wa salfa uone inavyogeuka nyeusi. Ndani ya kompyuta fedha ipo: kwenye ncha za vipinga vidogo kuliko punje ya ufuta, na juu ya njia za shaba za baadhi ya bodi. Ilizidi kutumika baada ya Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya umeme na viwanda vikatafuta namna nyingine za kumalizia bodi. Fedha ikigeuka salfidi, njia ya umeme inakatika, na jicho halioni kitu.

Anayeileta salfa ndani ni feni yenyewe, saa zote inazozunguka. Ndiyo maana mtu hubadilisha feni mwezi wa tisa, mashine ikagoma tena mwezi wa kumi na moja, akamtukana aliyemuuzia kwamba ameuza feni bandia. Kumbe feni ni nzima, bodi ndiyo imeliwa. Hamisha mifuko ya salfa, au hamisha kompyuta. Kuifunika kitambaa ikiwa inafanya kazi hakusaidii, kunaipika.

Kwa kuwa Ruangwa kuna machimbo ya kinywe, kuna ushauri mwingine unaozunguka: kwaruza kinywe, au risasi ya penseli, utie unga wake kwenye feni inayokwaruza, maana kinywe ni kilainisho. Kwenye kufuli, sawa. Kwenye kompyuta, kinywe hupitisha umeme, na feni itautawanya unga huo juu ya bodi nzima. Sijui ushauri mbaya kuliko huu. Mafuta ya kula nayo si suluhisho: huganda na kukamata vumbi. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika ya feni linaweza kukupa wiki kadhaa za kutafuta feni nyingine; bushi iliyoliwa halitairudisha.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi. Ukienda kwa fundi matairi kupuliza kwa kompresa, mwambie amwage maji ya tangi kwanza, na ushike mapanga yasizunguke. Upepo ule unayazungusha kupita kasi yake, unaharibu beringi, na mota inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi. Ukimkuta mjusi kafiri amekaukia ndani, mtoe. Alifuata joto na wadudu, hakutumwa. Kisha rudisha kava. Kuiacha kesi wazi na kuielekezea feni ya meza kunaonekana ni akili, lakini kompyuta nyingi za Dell OptiPlex zina mfereji wa plastiki unaopitisha hewa moja kwa moja kwenye hitisinki, na kava likiondoka mpangilio wa hewa unavurugika.

Hatua ya tatu ni fupi. Soma kioo mashine inapowaka. Nyingi huandika waziwazi kwamba feni haionekani au imeshindwa. Kwenye HP Compaq za mezani za zamani, taa nyekundu ya kitufe ikimweka mara 2 kisha ikatulia, ulinzi wa joto wa prosesa umeshawashwa: feni imekwama au hitisinki haijakaa. Ukiingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka, tafuta mizunguko kwa dakika. Ikiandika 0 na feni unaiona inazunguka, kagua plagi na hesabu nyaya zake, kwa sababu feni ya nyaya 2 haina waya wa kutoa taarifa ya mwendo.

Feni iliyo ndani ya pawa saplai usiifungulie nyumbani. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa mle ndani hufika karibu volti 325, na kapasita zinaweza kubaki nao baada ya kuchomoa waya. Badilisha pawa saplai nzima.

Ukiagiza feni Masasi au Mtwara, usiagize kwa simu kwa kusema "feni ya kompyuta". Tuma ile ya zamani yenyewe ili walinganishe upana, unene, volti, ampea zilizoandikwa kwenye stika, na plagi. Baadhi ya OptiPlex za zamani zina plagi ya pini 5, na feni ya kawaida ya pini 4 haiingii.