Mabuyu ya Kumi, Achari ya Ishirini

Magazeti yetu yana wahakiki wa vitabu, wa filamu na wa muziki, na siku hizi hata wa hoteli za ufuoni. Mabuyu hayana mhakiki. Ni ajabu, kwa sababu mtoto wa Malindi hajafika darasa la tatu na tayari anajua mama gani huunguza sukari, nani anabania pilipili, na nani huchanganya ya jana na ya leo akauza kwa bei ileile. Ujuzi wote huo huishia langoni mwa shule, ukatemwa pamoja na mbegu. Makala haya yanajaribu kuuokota, kwa sharti moja: kila kitu kitapimwa kwa ladha yake ya leo mdomoni. Utamu wa utotoni hautaruhusiwa kutoa ushahidi.

Mabuyu kwanza, maana ndiyo mwenye sinia. Kilifi ni nchi ya mibuyu. Imesimama katikati ya mkonge pale Vipingo, imeyazunguka magofu ya Mnarani na Gede, na mingine ina umri ambao hakuna ukoo unaoweza kuuhesabu. Tunda lake lina ganda gumu lenye vinyweleo. Lipasue, na ndani utakuta mbegu zilizovikwa ubuyu mweupe, mkavu kama chaki, wenye uchachu wa kukunja uso hata kabla ya sukari kuguswa. Mpishi huzitenganisha na nyuzi za ndani ya tunda, kisha huchemsha sukari kwa maji kidogo mpaka ianze kuvutika. Hapo hutia rangi nyekundu, iliki, pilipili ya unga, na wengine vanila. Sasa ndipo mkono wa mpishi unapojulikana. Mabuyu yakimwagwa sufuriani moto ukiwa bado mkali, ubuyu huyeyuka wote na sukari ikageuka uji mwekundu. Akichelewa, sukari huganda sufuriani na mwiko ukanasa. Mwenye kujua huushusha moto, humwaga, hukoroga haraka, huepua, kisha hunyunyizia unga wa ubuyu juu na kuyatandaza yapoe kila moja peke yake.

Bora katika mabuyu ni kile kinachobaki kati ya sukari na mbegu. Yale mazuri huja kwa zamu: utamu kwanza, halafu uchachu unaoshika pembeni mwa ulimi, halafu pilipili kooni wakati ambapo ulishadhani haimo. Mwisho hubaki mbegu, ambayo utaizungusha shavuni kwa robo saa bila kulipishwa nyongeza. Yale mabaya ni sukari iliyopakwa kwenye mbegu tupu. Ukiyanyonya kidogo tu ukagonga mbegu, jua ubuyu wake ulishapepetwa na kwenda kwingine.

Huko kwingine nako kunajulikana. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha ubuyu uuzwe katika nchi zake kama chakula kipya, na tangu hapo unga huo umekuwa ukipangwa kwenye rafu za maduka ya afya na kusifiwa kwa vitamini C. Kipya kwao, sawa. Mwishoni mwa 2022 tamaa ilikwenda mbali zaidi: mibuyu mizima iling'olewa Kilifi na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani. Kelele zikapigwa, na Rais William Ruto akaagiza uchunguzi. Wengi walizungumzia mazingira, na walizungumza vyema. Sikusikia aliyewaza foleni ya watoto wa mapumziko ya saa nne, ambao mti kama huo ndio shamba lao.

Bei ya mabuyu haiendi kwa kilo, inakwenda kwa sarafu. Wakati wa babu zetu ilikuwa thumni, ikaja shilingi, ikaja shilingi tano, na sasa ni kumi. Kati ya sarafu moja na nyingine, kinachopanda na kushuka ni ujazo wa pakiti. Mwaka 2023, bei ya sukari madukani ilipopita shilingi 200 kwa kilo, pakiti ya kumi ilibaki kuwa ya kumi, ila ilipungua tumbo. Watoto waliliona hilo kabla ya wachumi. Hata karatasi ina historia yake: kulikuwa na kikoni cha gazeti la zamani, ambacho ukimaliza kula unasoma matokeo ya mpira, kikafuata kijifuko cha plastiki, kisha tarehe 28 Agosti 2017 serikali ikapiga marufuku mifuko hiyo kwa faini ya mamilioni. Kwa upande wa ladha, naunga mkono gazeti. Hunyonya unyevu, na mabuyu yaliyolowa wakati wa masika hushikana yakawa donge moja lisilo na mwenyewe.

Achari ya embe ni jambo zito zaidi, na nitakuwa mkali. Achari nzuri hutoka kwenye embe bichi hasa, lililokatwa vipande vyembamba, likatiwa chumvi na kuanikwa jua la kutosha mpaka kipande kikunjike bila kuvunjika. Pilipili na rangi huja baadaye. Siku hizi nyingi zinakatwa kwenye embe lililoanza kuiva, kwa kuwa ni rahisi, na matokeo yake ni kitu laini chenye utamu wa uvivu kinachotegemea rangi kumdanganya mnunuzi. Achari lazima ipigane na meno. Ikikubali kutafunwa mara moja, irudishe.

Muhogo uliokaangwa vikavu, ukatiwa chumvi, pilipili na ndimu, hauhitaji kutetewa na mtu. Ni chakula bora kabisa cha shilingi ishirini kati ya Mtwapa na Ngomeni, mradi mafuta yasiwe yamekaangia viazi vya karai tangu asubuhi. Ila uangalie vizuri kabla hujauita wa asili. Muhogo ulivuka bahari kutoka Amerika, pilipili nayo vilevile, na korosho ilitoka Brazil, vyote katika karne zilizofuata ziara ya Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Embe, ndimu na miwa vilitangulia kutoka Asia. Katika sinia zima la mama wa langoni, wenyeji wa Afrika ni ubuyu na ukwaju tu. Wengine wote ni wageni waliokaa sana.

Kuna na vya kiwandani. PK, iliyobeba herufi za jina la Philip K. Wrigley wa Chicago, huanza kwa kishindo cha mnanaa na kwisha kabla hujafika kona. Big G ilikuwa na haki moja ya kuishi, nayo ni puto. Goody Goody hung'oa jino na kukuacha ukiilaumu bahati. Patco bado ina heshima yake, ingawa nashuku heshima hiyo imetokana na namna tulivyoipata: hatukuinunua, tulirudishiwa. Mwenye duka hakuwa na chenji, akakuhesabia peremende mbili, ukaenda nyumbani ukaeleze shilingi zilipokwenda. M-Pesa imeiua biashara hiyo kimyakimya, kwani mtu anayelipa shilingi 47 kwa simu hadai chenji. Ukiondoa hadithi hiyo, kilichobaki katika peremende nyingi za namna hii ni sukari na jina. Ndiyo maana niliwafukuza mashahidi wa utotoni mapema.

Malindi ina mgeni mwingine wa sukari. Waitaliano walikuja na mradi wa San Marco, uliorusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini huko Ngomeni mwaka 1967, na nyuma yao zikaja hoteli, piza na aiskrimu ya kwao. Aiskrimu hiyo ni nzuri, sitasema uongo. Lakini kwa bei ya koni moja kwenye barabara ya Lamu unaweza kununulia mabuyu sehemu kubwa ya darasa, na darasa hilo lingekuambia kuwa haina pilipili. Anayeshindana nayo mitaani ni barafu ya ukwaju, ile ya kugandishwa nyumbani kwenye friji ya jirani mwenye stima ya uhakika. Iliyo bora ina punje za ukwaju chini, na ladha yote imejikusanya huko. Anayefyonza juujuu atabaki na maji. Fyonza pole pole, igeuze kichwa chini, subiri.

Raha za bei ya langoni haziishii mdomoni. Kwa shilingi kumi au ishirini kibanda cha video bado kinakuuzia benchi, feni isiyofika nyuma na filamu iliyotafsiriwa na DJ Afro. Kusema ametafsiri ni kumpunja. Huwapa wahusika majina, huwatukania maadui zao, huwawekea mawazo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota, na hutangaza mapema nani atakula kichapo. Nimeona filamu za mapigano zisizo na maana yoyote zikiokolewa na sauti yake peke yake. Udhaifu wake ni kwamba hanyamazi hata mahali ambapo filamu yenyewe inajua kusema. Watazamaji wa vibandani wala hawalioni kuwa kosa. Wanajua staringi hafi. Wanachokifuata ni maneno.

Hapo nimeanza kuona kinachotenganisha kizuri na kibaya katika vitu hivi: ni nani anayevinunua. Dukani Kilifi utakuta mabuyu ndani ya chupa safi yenye kibandiko kizuri, kwa bei mara kadhaa ya ile ya langoni, na mara nyingi ni makavu, hayana pilipili, yana rangi ya woga. Hayahitaji kuwa matamu. Mnunuzi wake ni mtu mzima anayenunua kumbukumbu, na kumbukumbu haitafuni. Langoni mwa shule mteja ana miaka minane, ana sarafu moja, hana chochote cha kukumbuka, na asiporidhika leo kesho atavuka barabara kwa mama wa pili. Hakuna mhakiki anayelipwa na gazeti mwenye ukali wa namna hiyo.

Dirisha la basi ni kinyume chake. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalisubiri feri kwenye mkono wa bahari, na kusubiri huko kulizaa soko: korosho, maembe, madafu. Msafiri alikuwa na muda wa kuonja na kukataa. Mji wenyewe ulikuwa na kiwanda cha korosho kilichojengwa miaka ya 1970, kabla hakijadorora na kufungwa. Sasa basi la Malindi husimama stendi dakika chache, mikono hujaa madirishani, dereva hazimi gari, na muuzaji anajua kabisa kwamba hutarudi kesho kumlalamikia. Korosho za dirishani huwa nzuri juu ya pakiti na vumbi chini. Mabuyu yake ndiyo yale ya mbegu tupu.

Kwa hiyo shuka. Acha basi liende, tafuta shule ya msingi iliyo karibu, na ujipange nyuma ya foleni kengele ya mapumziko ikilia. Watoto watataka kukupisha kwa kuwa wewe ni mkubwa. Usikubali: mama atakudhania mkaguzi wa afya, na mabuyu ya pilipili yatarudi chini ya meza.