Waya Uliopanda Mara Mbili

Umeme ukikatika kisha ukarudi, wengi wetu hatuogopi giza lililopita. Tunaogopa ile dakika ya kwanza. Unarudi, unakata, unarudi tena, na friji inaguna. Ndiyo maana watu hununua kile kiboksi kinachokaa kati ya friji na soketi: umeme ukirudi, kiboksi huwasha taa yake na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuupitisha. Friji haidhuriki kwa kuzimwa tu. Kinachoiumiza ni kuwashwa, kuzimwa na kuwashwa tena kabla haijatulia.

Modemu fulani zenye chipu za Qualcomm, zilizochomekwa kwenye bodi ya RockPro64, zilikuwa zikifanyiwa jambo hilohilo, na mkosaji alikuwa kiendeshi kimoja ndani ya kerneli ya Linux. Bodi ilipowashwa upya, programu ya ndani ya modemu ilianguka. Kosa lilirekebishwa mwaka 2024 kwa kubadilisha neno moja. Lilikuwa limekaa humo tangu kiendeshi kilipoingizwa kwenye kerneli mwaka 2016.

RockPro64 ni kompyuta ya bodi moja inayotumia chipu ya RK3399 ya kampuni ya Rockchip. Modemu, diski za NVMe na vifaa vya aina hiyo huunganishwa nayo kwa PCI Express, njia ambayo mafundi huiita basi, ingawa abiria wake ni data. Katika basi hilo umo waya usiobeba data hata kidogo. Jina lake ni PERST#, na amri zake ni mbili tu: tulia, au amka. Ile alama ya # mwishoni si pambo. Inamaanisha waya unafanya kazi kinyume: volti ikiwa chini, kifaa kimeshikwa kwenye riseti, ikipanda, kimeachiliwa. Mpango huu una busara yake. Waya ambao bado haujapewa umeme uko sifuri, kwa hiyo kifaa kinabaki kimeshikwa mpaka kiachiliwe kwa makusudi.

Kuachilia nako kuna utaratibu. Kanuni za PCI Express zinataka umeme uwe umetulia kwa milisekunde 100 kabla waya haujapandishwa, na mapigo ya saa ya megahezi 100 yawe yametulia kwa angalau mikrosekunde 100. Waya ukishapanda, kifaa kina milisekunde 20 za kuanza kumtafuta mwenzake wa upande wa pili, na kerneli inapaswa kungoja milisekunde 100 kabla ya kukiuliza lolote. Ukiuliza kifaa kisichojibu, unachosoma ni ffffffff. Aliyezoea kusoma kumbukumbu za kerneli akiiona namba hiyo anajua amepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kwa hiyo riseti ikileta shida, macho ya wengi hukimbilia kwenye muda: labda tumengoja kidogo mno, tuongeze milisekunde. Safari hii dawa haikuwa hiyo.

Tuufuate waya huo bodi inapowashwa upya. Chipu inajiriseti, na pini inayoushika waya inarudi kwenye hali yake ya asili, volti ya chini. Modemu imeambiwa itulie. Mpaka hapo sawa. Kerneli inapanda, na kiendeshi kinaomba kukabidhiwa pini. Katika Linux, ombi la namna hiyo hubeba pia hali ya kuanzia: nikishapewa pini, iwe juu au iwe chini? Kiendeshi kilikuwa kimeandika GPIOD_OUT_HIGH. Juu. Modemu ikaambiwa iamke wakati kiendeshi chenyewe hakijaanza kuliandaa basi. Punde si punde kikafika kwenye sehemu yake halali ya maandalizi, ambayo, kama inavyopaswa, inaanza kwa kuushusha waya. Tulia. Halafu kikaupandisha. Amka.

Ukitazama kutoka upande wa bodi huoni kasoro, maana mwisho wa yote waya uko juu unapotakiwa kuwa. Lakini modemu ni kompyuta kamili yenye programu yake, na kila waya unapopanda ina kazi za kuanza kutekeleza. Amri ya pili ya kutulia iliikuta ya kuamka haijamalizwa. Hizo mbili zikagongana, programu ikaanguka.

Marekebisho yalikuwa GPIOD_OUT_LOW badala ya GPIOD_OUT_HIGH. Pini iombwe katika hali ileile iliyokuwa nayo, na kiendeshi kiibadilishe zamu yake ikifika. Kiendeshi kingine cha Rockchip, kinachohudumia chipu mpya zaidi kama RK3588, nacho kilirekebishwa vivyo hivyo mwaka huohuo.

Kinachonivutia zaidi kiko chini ya hapo. Linux ina mahali pa kueleza kwamba waya fulani unafanya kazi kinyume: faili la mti wa vifaa, linaloiambia kerneli pini ipi inafanya nini. Likiandikwa sawasawa, kiendeshi hakihangaiki na volti. Kinasema tu “shika riseti”, na kerneli inageuza yenyewe. Kwa bodi za Rockchip, faili linasema waya huu ni wa kawaida. Si kweli. Na kiendeshi nacho huandika 0 kikitaka kushika, 1 kikitaka kuachilia, kinyume cha desturi. Makosa mawili yakafutana, kama saa iliyotangulia dakika kumi kwa mtu mwenye tabia ya kuchelewa dakika kumi.

Mbona waliorekebisha kiendeshi wasiyanyooshe makosa yote mawili? Kwa sababu faili hilo linaweza kuishi kwenye bodi, mbali na kerneli. Mtu akisasisha kerneli peke yake, kiendeshi kilichonyooshwa kitakutana na faili la zamani lililopinda, na riseti itashikwa pale inapotakiwa kuachiliwa. Modemu haitaamka kabisa. Basi uongo wakauacha, wakarekebisha neno la kuanzia ili liafikiane nao. Naona walifanya vyema: bodi za watu zinazofanya kazi zina uzito kuliko unadhifu wa faili.

Wewe unayeandika kiendeshi chenye waya wa riseti, usiridhike kwamba kifaa kimeonekana kwenye orodha. Gusisha oskiloskopu kwenye waya wenyewe, washa bodi upya, uhesabu umepanda mara ngapi. Ukipanda zaidi ya mara moja, anza kukagua pale ulipoiomba pini.