Utafiti na Uboreshaji wa Huduma za Afya: Tofauti Ni Nini?

Tuseme muuguzi mkuu wa hospitali ya wilaya anaandika kila siku ni wafanyakazi wangapi walionawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Katika wadi ya pili, daktari anawagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili, na kila kundi linapewa dawa yake. Wote wawili wanahesabu, wanachora grafu na kulinganisha. Je, wote wawili ni watafiti? Swali hili si la maneno matupu, kwani ndani yake mna haki ya mgonjwa.

Utafiti ni kutafuta ujuzi ambao bado haujapatikana. Chukua mfano wa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri mwilini, yafaa atiwe maji mengi kwa haraka mshipani. Kuanzia mwaka 2009 jambo hilo lilijaribiwa katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto wa kuharisha hawakuingizwa. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine walitiwa maji mengi kwa haraka, wengine hawakutiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 waliotiwa maji kwa haraka, na 7 hivi katika kila 100 wa kundi la pili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Jambo lililodhaniwa kuwa tiba lilionekana kuwa na madhara.

Uboreshaji wa huduma, kwa upande wake, huanza pale ujuzi unapokuwapo tayari lakini hautumiki. Katika jimbo la Michigan, Marekani, kuanzia mwaka 2003, zaidi ya vyumba 100 vya wagonjwa mahututi vilipewa orodha fupi ya mambo matano ya kufuata wakati wa kumwekea mgonjwa mrija katika mshipa mkubwa: kunawa mikono, kuvaa mavazi kamili ya kujikinga, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinenani, na kuondoa mrija usiohitajika tena. Hakuna hata moja lililokuwa jipya. Hata hivyo, baada ya miezi 18, wastani wa maambukizo ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya mrija.

Mpaka kati ya mambo haya mawili hauko wazi daima. Mwaka 2007 ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda watu wanaofanyiwa utafiti iliamua kwamba kazi ya Michigan ilikuwa utafiti, na ilipasa kupitiwa kikamilifu na kamati ya maadili. Ukusanyaji wa takwimu ukasimama. Madaktari wengi walilalamika: je, kunawa mikono nako kwahitaji ridhaa ya mgonjwa? Februari 2008 ofisi hiyo ilieleza kwamba hospitali zaweza kuendelea kuitumia orodha, kwa kuwa sasa huo ni uboreshaji tu.

Kila upande ulikuwa na hoja yake. Mtu anayeingizwa katika jaribio ambalo matokeo yake hayajulikani hana budi kuelezwa na kukubali mwenyewe. Lakini kuchelewesha jambo lililokwisha kuthibitishwa nako huua.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapokutana na kazi ya namna hii na ajiulize: Je, jibu limekwisha kujulikana? Je, mgonjwa anaongezewa hatari ambayo matibabu ya kawaida hayana? Je, matokeo yanakusudiwa kuwafaa watu wa wadi hii tu, au kuwa kanuni kwa wote? Akijibu maswali hayo, atajua yule muuguzi na yule daktari wanatofautiana wapi, na kwa nini mmoja wao lazima aombe ruhusa kwanza.